Mezani kwa Karani: Binti Anakwenda Kambini, Chuo Aombe Wapi?

Barua niliyoichagua juma hili imetoka kwa baba mmoja wa upande wa Ikungi. Jina lake nalificha, maana mambo ya nyumba ya mtu hayatangazwi mnadani. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimesimama vizuri, na swali lake nalileta hapa kwa ufupi:

"Karani, binti yangu amemaliza kidato cha sita. Amesoma Kemia, Biolojia na Jiografia. Katika mtihani wa majaribio alipata B ya Jiografia, C ya Biolojia na D ya Kemia. Ameitwa JKT, ataondoka siku si nyingi. Mimi na mama yake twataka awe daktari, asome Mlimani, Dar es Salaam. Yeye asema atakwenda Morogoro kusomea kilimo. Mjomba wake asema tusihangaike sasa. Matokeo yakitoka, kijana wa steshenari pale mjini atamjazia. Nami nina magunia ya alizeti, sijui niyauze sasa au ningoje. Nisaidie."

Shikamoo, mzee wangu. Umeuliza mambo manne katika barua moja, na yote manne yamesukwa pamoja kama kamba. Nitaanza na neno la mjomba, kwa kuwa ndilo litakalowapoteza upesi kuliko mengine.

Mjomba asema mngoje matokeo. Hapo ana haki kidogo, maana pasipo matokeo hakuna chuo kikuu kitakachompokea binti. Lakini kungoja matokeo ni jambo moja, na kungoja kufikiri ni jambo jingine. Tazama kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei. Matokeo hutoka mwezi wa Julai. Yakiisha kutoka, Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo watu huiita TCU, hufungua mlango wa maombi, yaani awamu ya kwanza ya udahili, nao hukaa wazi majuma machache tu. Na binti yako wakati huo atakuwa wapi? Atakuwa kambini, yumo katika mchakamchaka wa alfajiri. Tangu Serikali iliporudisha mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria mwaka 2013, vijana wengi wa kidato cha sita huwa kambini miezi hiyo hiyo. Kambini si nyumbani. Simu haishikwi kila saa, wala huwezi kumwita binti barazani mpime pamoja habari za Morogoro na Dar es Salaam.

Basi shauri la wapi aombe lifanyike sasa, kabla hajafunga begi lake. Matokeo yakitoka, kazi iliyobaki iwe ni kutazama alama na kutimiza mliyokwisha kupatana.

Labda utauliza: mbona haraka? Si kuna awamu ya pili? Ndiyo, ipo, na miaka mingine hufunguliwa hata ya tatu. Lakini sisi watu wa Singida twajua kisima cha mchangani mwezi wa Oktoba. Anayefika alfajiri huteka maji. Anayefika saa nne hukuta tope, na mchana kutwa hukaa na kata mkononi akingoja yachuruzike. Ndivyo zilivyo nafasi za vyuo. Masomo yanayotakiwa na watu wengi, kama udaktari, ufamasia, uhandisi na sheria katika vyuo vikubwa, hujaa katika awamu ya kwanza. Awamu ya pili huletewa kilichobaki. Kilichobaki si kibaya sikuzote, lakini hukukichagua wewe.

Hapa sina budi kuondoa kosa moja linalosemwa sana vijiweni. Watu husema ati anayebonyeza saa ya kwanza humshinda anayebonyeza siku ya mwisho. Sivyo. Ndani ya awamu moja vyuo hutazama alama. Mwenye alama nzuri aliyeomba siku ya kumi humtangulia mwenye alama hafifu aliyeomba siku ya kwanza. Ubora wa awamu ya kwanza ni kwamba nafasi zote zingalipo. Kwa hiyo msikurupuke usiku wa matokeo, wala msilale mpaka mlango ufungwe.

Huko Marekani wana desturi yao nyingine. Vyuo vingine huko hupokea maombi ya mapema, mara nyingi mwanzoni mwa Novemba, na mwombaji huweka ahadi kwamba chuo hicho kimoja kikimkubali atakwenda, na maombi yake ya kwingine atayafuta. Ni kama kupeleka posa na kutoa mahari siku moja. Sisi hatuna sharti hilo. Tangu mwaka 2017 kijana wa Tanzania hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni, wala hazuiliwi kuomba vyuo viwili au vitatu kwa pamoja. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2010, maombi yote yalipita katika mtambo mmoja wa TCU, nao ndio uliowagawa. Uhuru wa sasa ni mzuri, lakini umeleta kazi mpya: kijana akichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, hana budi kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa katika simu, tena katika siku zilizowekwa. Asipothibitisha, nafasi zote zaweza kumtoka. Neno hili la namba ya simu nitalirudia, maana hapo ndipo watoto wa vijijini wanapoanguka.

Sasa lile la udaktari. Mzee wangu, nitasema kweli, na mama wa binti anisamehe. Udaktari wa binadamu hutaka ufaulu wa kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yote matatu. Binti yenu hakusoma Fizikia kidato cha tano na cha sita; alisoma Jiografia. Mlango huo ulifungwa siku alipopangiwa masomo yake ya kidato cha tano, wala haufunguki kwa sala ya novena, wala kwa barua ya karani, wala kwa kumjua mtu Dar es Salaam. Mkipeleka ombi la udaktari, mtapoteza ada ya maombi, na kibaya zaidi mtapoteza awamu ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka wako wazazi wanaosikia neno "sayansi" wakadhani sayansi zote huishia hospitalini.

Tena wenye watoto wa kidato cha nne wanisikilize hapa, maana jambo hili kwao bado ni bichi. Mtoto hujaza machaguo yake ya masomo akiwa shuleni, na matokeo yakiisha kutoka, TAMISEMI huwapa wahitimu muda wa kuyabadili katika mtandao. Anayetaka uganga na aweke Fizikia wakati huo. Baada ya miaka miwili ni hadithi.

Turudi kwa binti. Hesabu ya TCU ni hii: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Anayetoka kidato cha sita hutakiwa kuwa na ufaulu mkuu wa masomo mawili yanayohusika na fani anayoiomba, jumla isipungue pointi 4. Binti yako, kama matokeo yatafanana na yale ya majaribio, ana 3 za Biolojia na 2 za Kemia, yaani 5. Amevuka kizingiti. Lakini kuvuka kizingiti si kuketi mezani. Pointi 4 ni haki ya kuomba tu. Nafasi hupewa wenye alama za juu kwanza. Kwa hiyo swali la "anastahili?" halitoshi. Ulizeni pia: nafasi ni ngapi, na wanaozigombea ni watu wa namna gani?

Jibu la nusu ya kwanza limechapishwa. TCU kila mwaka hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, nacho huonyesha kwa kila chuo masomo yanayofundishwa, masharti ya kuingia, miaka ya kusoma na hesabu ya nafasi. Hupatikana bure katika mtandao wa Tume. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nalo ndilo linalowafukuza wazee wengi, lakini tarakimu hazina lugha. Mwombe mwalimu wa sekondari ya kata akusomee kurasa tatu au nne zinazowahusu, mzee. Fani yenye nafasi 30 na fani yenye nafasi 300 si sawa kwa mtoto mwenye pointi 5. Mimi nashangaa mtu anaponunua ng'ombe atazama meno, atazama kwato, auliza ametoka zizi gani. Lakini mtoto wake akienda kuomba chuo hatazami hata ukurasa mmoja!

Mnasema Mlimani. Najua neno hilo limetoka wapi. Zamani wazee wetu hawakuwa na taabu ya kuchagua. Wakati wa Waingereza, aliyefika juu kabisa alikwenda Makerere, Uganda, kama alivyokwenda Mwalimu Nyerere mwaka 1943 kutoka shule ya Tabora. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, muda mfupi kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kwa miaka mingi basi "chuo kikuu" na "Mlimani" yalikuwa neno moja. Leo sivyo. Sokoine cha Morogoro kilisimama peke yake mwaka 1984. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani binti akisema Morogoro, anataja mtoto wa Mlimani aliyejenga nyumba yake. Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Maaskofu wetu nao walianzisha Mtakatifu Agostino cha Mwanza mwaka 1998, kikatoa matawi, na viko vingine vya Kanisa kama Mwenge cha Moshi na Ruaha cha Iringa. Sivitaji hivi ili mvipende kwa sababu ya msalaba ulio langoni. Chuo cha Kanisa kisichofundisha anachokitaka mtoto hakimfai. Navitaja mjue kwamba jina kubwa si moja tena.

Kwa upande huu basi nasimama na binti. Sisemi kwamba watoto wana haki sikuzote. Wengi huchagua chuo kwa sababu rafiki yao wa bwenini amekichagua. Lakini huyu amechagua mahali ambapo masomo yake yatatumika yote. Sokoine hufundisha kilimo cha mazao, misitu, wanyamapori, elimu ya chakula na mengine ya namna hiyo, na Kemia na Biolojia ndizo nguzo zake. Hata udaktari wa mifugo hufundishwa huko, na kama mama yake hawezi kuliacha neno "daktari", basi someni kwa makini masharti ya fani hiyo katika kitabu. Katika nchi ya ng'ombe na alizeti, sijui kwa nini mtu aone haya mwanawe akiwa bwana shamba. Mwaka hata mwaka twalia kwamba mbegu imetuangusha, na alizeti imetoa mashuke makubwa matupu. Ni nani atakayetueleza sababu?

Lakini msiandike Sokoine peke yake mkakaa. Kwa pointi 5, na tena pointi za majaribio, ningefanya hivi kama angekuwa mdogo wangu. Sokoine ningekiweka mbele, na ndani yake nisingeomba fani moja tu, maana vyuo huruhusu mwombaji apange fani kadhaa kwa mfuatano. Ile anayoitamani iwe ya kwanza, na chini yake zile zenye nafasi nyingi ambazo hazigombewi sana. Kisha ningetafuta chuo cha pili ambacho alama zake ni za kawaida kabisa. Dodoma, kwa mfano, hufundisha ualimu wa sayansi, nako ni kilomita zipatazo 240 tu kutoka Singida mjini, ambapo Dar es Salaam ni kama 700. Nauli ya mara nne kwa mwaka si kitu kidogo, ingawa tangu mwaka 2024 mtu aweza kufika Dodoma kwa basi akapanda treni mpya mpaka Morogoro. Mahali pa tatu pawe pa kujihami: pale ambapo hata akiteleza kwa alama moja bado atapokewa. Hapo ndipo penye kujidanganya. Wazazi hupenda kuweka majina matatu makubwa wakasema wameomba vyuo vitatu. Hao wameomba mara moja tu, kwa karatasi tatu.

Juu ya ualimu nasema neno moja, kwa kuwa nimepita chuo cha ualimu mwenyewe. Asiuombe kwa kuwa umebaki. Zamani aliyemaliza alipangiwa shule akaondoka na sanduku lake. Siku hizi walimu ni wengi kuliko nafasi za Serikali, na tangu mwaka 2025 hata mwalimu hufanyiwa usaili kabla ya kuajiriwa. Wa sayansi wangali wanatafutwa kuliko wa masomo ya sanaa, lakini asiyependa watoto atateseka, na watoto watateseka zaidi.

Na ikiwa matokeo yatakuja chini ya pointi 4? Mzee, hilo nalo lisemwe sasa nyumbani, kwa sauti ya kawaida, ili mtoto asilisikie kwa mara ya kwanza siku ya msiba. Viko vyuo vya kilimo vya Serikali vinavyotoa stashahada, kama Ukiriguru karibu na Mwanza na Ilonga kule Kilosa, na maombi ya vyuo vya namna hiyo husimamiwa na NACTVET. Muulize binti kabla hajaondoka: ukikosa chuo kikuu, wakubali njia hiyo? Jibu lake mliandike.

Nimefika kwa kijana wa steshenari. Sina ugomvi na vijana hao; kama si wao, nusu ya watoto wetu wasingeomba popote. Wana kompyuta, wana intaneti, wana subira. Lakini siku za Julai humjazia kila anayeingia, na foleni yafika barabarani. Ukimwambia "mjazie huyu chuo kizuri", atakujazia anachokikumbuka. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni baya zaidi: mara nyingine hufungua maombi kwa namba ya simu yake mwenyewe na neno la siri alilolitunga yeye, ili amalize upesi. Miezi inapita. Mtoto amechaguliwa vyuo viwili, namba ya kuthibitisha inatumwa, nayo inaingia katika simu ya kijana wa steshenari, ambaye tangu hapo ameona watu mia tatu na hamkumbuki hata mmoja. Siku zapita, mlango wafungwa, na kule nyumbani watu wasema mtoto amerogwa.

Basi fanyeni hivi, mzee wangu. Kabla binti hajaondoka, kaeni jioni moja, wewe, mama yake, yeye, na mjomba pia awepo, maana mjomba akiachwa nje atasema maneno. Chukueni daftari. Aandike namba zake za mtihani, ya kidato cha nne na ya kidato cha sita. Aandike vyuo vitatu na fani chini ya kila chuo, kwa mfuatano mliopatana, na kando yake fani za akiba kama alama zikishuka. Aandike laini ya simu itakayotumika. Laini hiyo iwe yako, mzee, au ya mtu wa nyumbani anayejua kusoma ujumbe, isiwe ya binti ambayo itakuwa imezimwa kambini. Atunge neno la siri liandikwe humo humo. Nenda na daftari lile steshenari, keti kando ya kijana, na usitoke mpaka umeona kwa macho yako majina yale yale yameingia kama mlivyoandika. Vyuo vingi hutoza ada ya maombi, kama shilingi 10,000 hivi kwa chuo, dai risiti. Kisha simu isizimwe mpaka mwezi wa Oktoba. Ujumbe wowote wenye jina la chuo usifutwe na mjukuu anayecheza nayo.

Alizeti sasa. Usiuze yote kwa bei ya mavuno. Fedha inayotakiwa mwezi wa Julai ni ndogo: ada za maombi, nauli ya kwenda mjini, kupiga chapa karatasi. Mzigo mkubwa huja vyuo vinapofunguliwa, mwezi wa Oktoba au Novemba. Katika vyuo vya Serikali masomo ya kawaida hutozwa kama milioni 1 na kitu kwa mwaka, na juu yake kuna chakula na malazi, ambavyo kwa miezi yote huzidi ada. Bei ya alizeti haina ahadi, huenda ikapanda, huenda ikashuka. Lakini aliyeuza yote mwezi wa Juni, mwezi wa Agosti fedha huwa imekwisha kuwa mabati, au sherehe.

Tena kuna mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo huwakopesha wahitaji wa elimu ya juu. Ni mkopo, si zawadi: mtoto akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize. Watu wengi hawajui ya kwamba ombi la mkopo ni jambo jingine kabisa na ombi la chuo. Kuchaguliwa chuo hakukuletei mkopo. Lina mlango wake na tarehe zake, na miaka mingi mlango huo umekuwa ukifunguliwa kabla binti za kambini hawajarudi. Fomu yake hupigwa chapa ikatiwa sahihi na mwombaji, na mdhamini, na kiongozi wa kijiji au mtaa, na wakili au hakimu. Ikifunguliwa kabla hajaondoka, atie sahihi kwanza. Isipofunguliwa, mengine yote yawe tayari, ili akirudi abaki na kalamu tu.

Na katika mkopo ndipo mnaponiletea mimi kazi. Bodi hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima vyeti vya vifo vya wazazi. Kila mwaka, mara matokeo yanapotoka, hapa ofisini hupangana vijana wasio na cheti cha kuzaliwa, wanataka cheti cha ubatizo wakakitumie kuwa ushahidi. Nawaandikia kwa furaha. Lakini mara nyingi kitabu chasema Yohana, cheti cha kidato cha nne chasema John, na kadi ya kliniki yasema jina la babu. Kisha wananiambia, "Karani, badilisha tu hapo." Kitabu cha ubatizo hakifutwi kwa kalamu ya karani! Jina likigongana, dawa yake ni kiapo kwa wakili au hati ya kubadili jina, na mambo hayo huchukua siku. Kwa hiyo, mzee, juma hili hili, si Julai, weka mezani vyeti vyote vya binti, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha ubatizo, usome jina herufi kwa herufi. Mkiona tofauti, njooni naye akiwa angalipo. Ofisi yangu hufunguliwa Jumanne na Alhamisi asubuhi, na Jumapili baada ya Misa ya pili.

Nafasi iliyobaki nampa mama wa Mtinko, aliyeuliza kwa maneno machache kama kijana wake anayesoma stashahada ya uhasibu hapa hapa Singida, katika tawi la Taasisi ya Uhasibu, aweza baadaye kwenda chuo kikuu, au ndiyo basi. Mama, aweza. Mwenye stashahada inayotambuliwa, akiwa na wastani usiopungua 3.0, huruhusiwa kuomba shahada inayohusiana na aliyosoma, nayo awamu ya kwanza yamhusu kama inavyowahusu wa kidato cha sita. Huingia kwa karatasi zake mwenyewe, wala haulizwi tena pointi za kidato cha sita. Mwambie wastani wake autazame sasa, akiwa mwaka wa kwanza, maana wastani ulioshuka mwanzoni ni mzito kuupandisha mwishoni. Na kile cheti cha ubatizo ulichokiomba nimekwisha kukiandika; kimo bahashani, mlezi wa kigango atakuletea.